Msharasi na Ushonaji wa Ngozi

1. Ngozi si nguo

Mtu akitaka kushona kanzu iliyochanika, hutwaa sindano na uzi akaanza kazi mara moja. Sindano hupita katika nguo bila taabu, maana nguo imefumwa kwa nyuzi zilizopishana, na baina ya uzi na uzi pana nafasi. Ncha ya sindano huzisogeza nyuzi kando, hupita, na nyuzi hurudi mahali pake. Fundi akikosea, hufumua mshono wake na kushona tena. Na nguo ikiisha kufuliwa na kupigwa pasi, hapana atakayejua kwamba palikuwa na kosa.

Lakini mtu huyo akitaka kushona mkoba wa ngozi kwa sindano ile ile, ataona sindano inapinda, au inavunjika, au inamchoma kidole. Ngozi haikufumwa. Ndani yake mna nyuzinyuzi ndogo zisizohesabika, zilizosokotana huku na huku, wala hazina njia ya kupita sindano. Kwa sababu hiyo ngozi ina nguvu, na kwa sababu hiyo hiyo ni ngumu kushona. Tena tundu likiisha kutobolewa katika ngozi halizibiki. Nguo husamehe kosa la fundi, ngozi haisamehe.

Basi kazi ya ngozi inataka chombo chake, nacho ni msharasi. Watu wengine huuita uma. Ni ncha ya chuma kigumu iliyotiwa katika mpini mfupi unaoenea katika kiganja. Kazi yake ya kwanza ni kutoboa njia, ili uzi upate kupita.

Wala kazi hii si ya mchezo. Mshono wa kanzu ukifumuka, mwenye kanzu huona haya kidogo, akarudi nyumbani akaushona. Lakini ukifumuka mshono wa ukanda unaowashika ng'ombe wa plau, plau huenda upande na ng'ombe huweza kuumia. Ukifumuka mshipi wa tandiko wakati farasi anapokwenda mbio, mpandaji huanguka. Ukifumuka ukanda wa kiatu katikati ya nyika yenye miiba, msafiri huenda pekupeku. Kwa hiyo kila mtu atumiaye kitu cha ngozi huiweka salama yake katika mikono ya fundi ambaye pengine hamjui, na katika mshono ambao hawezi kuuona ndani.

2. Chombo cha zamani sana

Msharasi ni mmoja wa vyombo vya kale kabisa vya mwanadamu. Katika pango la Blombos, lililo pwani ya Afrika ya Kusini, wachimbaji wa mambo ya kale wamevumbua misharasi ya mfupa ambayo umri wake ni yapata miaka 70,000. Wakati huo hapakuwa na chuma wala shaba. Watu walitwaa mfupa wa mnyama, wakauchonga na kuusugua hata ukapata ncha.

Mwaka 1991, katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, watu wawili waliokuwa wakitembea milimani waliona maiti iliyohifadhiwa na barafu. Wataalamu walipoichunguza walitambua ya kuwa mtu yule alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mavazi yake yalikuwa ya ngozi za wanyama zilizoshonwa pamoja, na katika kifuko cha mshipi wake mlikuwamo msharasi mdogo wa mfupa. Basi hata mtu yule wa kale, alipofunga safari ya mlimani, alichukua chombo kiwezacho kumfaa vitu vyake vya ngozi vikiharibika njiani.

Katika Afrika ya Mashariki pia kazi ya ngozi ni ya zamani. Mafundi wa pwani hushona makubadhi, yaani viatu vya wazi vya ngozi vyenye nakshi. Na wanawake wa Kimasai hushona shanga juu ya ngozi kuwa mapambo. Na katika kila mji, kando ya njia, utamwona mshona viatu ameketi juu ya kigoda chake, msharasi mkononi na viatu vya watu mbele yake.

3. Namna tatu za msharasi

Misharasi si ya namna moja. Iko namna tatu, na kila namna ina kazi yake.

Namna ya kwanza ni msharasi wa kutoboa tu. Ncha yake haina kitu kingine ila ukali. Mafundi wa matandiko ya farasi hupenda ncha yenye pande nne, iliyobonyea kidogo, kwa kuwa hukata tundu jembamba mfano wa jicho lililofumbwa nusu. Tundu la namna hiyo huubana uzi vizuri kuliko tundu la mviringo. Msharasi huu hautii uzi. Ukiisha kutoboa, uzi hutiwa kwa sindano zisizo na ncha kali.

Namna ya pili ni msharasi wenye kulabu. Karibu na ncha yake pamechongwa pengo dogo, mfano wa ndoana ya samaki. Huu ndio utumiwao sana na washona viatu. Fundi huusukuma kutoka nje ya kiatu hata ndani, na mkono wake wa kushoto ulio ndani ya kiatu huutia uzi katika lile pengo. Kisha huurudisha msharasi, nao huja na kitanzi cha uzi. Uzi wa nje hupitishwa katika kitanzi hicho, na nyuzi zote mbili huvutwa.

Namna ya tatu ni msharasi wenye sindano ya tundu, na huu ndio unaostahili kuelezwa zaidi, kwa sababu mtu asiye fundi aweza kujifunza kuutumia upesi. Mpini wake ni wa mti au wa madini, nao umechukua kibiringo cha uzi. Mbele ya mpini pana kichwa cha chuma kinachoikaza sindano. Sindano hiyo si kama sindano ya mkono, ambayo tundu lake liko nyuma. Tundu la sindano hii liko karibu na ncha. Uzi hutoka katika kibiringo, hufuata mfuo mwembamba uliochongwa ubavuni mwa sindano, na kuingia katika lile tundu. Hivyo sindano ikiingia katika ngozi huuchukua uzi pamoja nayo. Sindano nyingine zimenyooka, za kushonea vitu vilivyo bapa. Nyingine zimepinda, za kushonea mahali mkono usipofika vizuri.

4. Matayarisho

Fundi mwema hatobui tundu hata moja kabla ya kuwa tayari. Yako mambo manne ya kutengeneza kwanza.

La kwanza ni uzi. Uzi wa pamba uliozoeleka katika nguo haufai, maana hukatika upesi. Tangu zamani mafundi wametumia uzi wa kitani, na siku hizi wengi hutumia nyuzi za nailoni na nyingine zilizotengenezwa viwandani. Uzi wa kitani husuguliwa kwa nta ya nyuki. Nta hufanya kazi tatu: huzishikamanisha nyuzi ndogo ndogo zilizosokotwa katika uzi mmoja, huzuia maji yasiuozeshe uzi, na hufanya uzi ung'ang'anie katika tundu usiteleze.

La pili ni mstari. Vipande viwili vya ngozi vikiisha kuwekwa pamoja sawasawa, fundi huchora mstari kwa rula, sambamba na ukingo. Mstari ukiwa karibu mno na ukingo, ngozi itachanika hata nje. Kwa ngozi nene ya mikanda, nafasi ya robo inchi yatosha.

La tatu ni alama za matundu. Nafasi baina ya tundu na tundu lazima iwe moja tangu mwanzo hata mwisho. Asiye na chombo cha kupimia aweza kuikandamiza juu ya mstari meno ya uma wa kulia chakula, kisha auhamishe uma, jino la kwanza likae katika alama ya mwisho, na kuendelea hivyo. Kwa vitu vya kazi ngumu, hatua tano katika inchi moja zatosha. Mtu mwingine hudhani kwamba matundu yakiwa mengi mshono utakuwa na nguvu zaidi. Sivyo. Zitazame stempu za barua: zimetobolewa matundu mengi yaliyokaribiana ili zipate kuchanika kwa urahisi. Ngozi iliyotobolewa vivyo hivyo itachanika kama stempu, hata uzi uwe imara namna gani.

La nne ni kuishika ngozi. Wafanyaji wa matandiko hutumia kibano cha mbao mbili ndefu, wakakibana kwa magoti, nacho huishika ngozi wima mbele yao. Hivyo mikono yote miwili hubaki huru, wala hapana haja ya kuweka kiganja nyuma ya ncha. Ngozi ikiwa kavu na ngumu mno, hulowanishwa kidogo kwa kitambaa chenye maji, isichuruzike, nayo hulegea.

5. Namna ya kushona

Sasa kazi yaanza. Tuseme ya kuwa ni ukanda wa mkoba wa shule uliokatika, na fundi ameshika msharasi wenye sindano ya tundu.

Kwanza, huisukuma sindano katika tundu la kwanza kutoka upande wa mbele, hata itokee nyuma. Kule nyuma huushika uzi na kuuvuta utoke katika kibiringo, hata upatikane urefu wa mara mbili ya mshono wote. Uzi ukibaki si hasara kubwa. Ukipungua katikati ya kazi, mshono huharibika. Kisha huirudisha sindano mbele, akauacha uzi ule mrefu ukining'inia nyuma. Tangu hapo pana nyuzi mbili: uzi wa mbele, utokao katika kibiringo, na uzi wa nyuma, ulioachwa huru.

Pili, huisukuma sindano katika tundu la pili, nayo huenda mpaka mwisho wake.

Tatu, huirudisha sindano kidogo tu, kama robo inchi, asiitoe. Hapa ndipo penye siri ya chombo hiki. Sindano inaporudi, uzi ulio ubavuni mwake hauwezi kurudi mara moja, kwa kuwa ngozi imeubana. Basi hujikunja ukafanya kitanzi kidogo kando ya sindano.

Nne, huutia uzi wa nyuma katika kitanzi hicho, akaupitisha wote. Autie daima kutoka upande ule ule wa sindano. Akiutia mara huku na mara huku, hatua nyingine zitalala hivi na nyingine vile, na mshono hautapendeza.

Tano, huitoa sindano mbele, akazivuta nyuzi zote mbili kwa pamoja, mkono wa kulia ukivuta uzi wa mbele na mkono wa kushoto ukivuta uzi wa nyuma. Nyuzi zikakutana, zikashikana, na kuingia ndani ya ngozi. Hatua moja imekwisha. Kisha huendelea na tundu la tatu, na la nne, hata mwisho.

Akifika mwisho hafungi fundo pale pale. Hurudi nyuma matundu mawili au matatu, akashona juu ya hatua alizokwisha kushona, ili mwisho wa mshono uwe na nguvu maradufu, maana mishono mingi huanza kufumuka mwishoni. Ndipo huzileta ncha zote mbili upande mmoja, akazifunga na kukata. Mwisho huugonga mshono polepole kwa nyundo, na ngozi hujikaza kuuzunguka uzi.

6. Nguvu ya mshono iko wapi?

Mtu akiutazama mshono uliokwisha, huona mistari miwili ya uzi, mmoja mbele na mmoja nyuma, akadhani hiyo ndiyo inayoshika. Lakini nguvu haiko nje. Iko ndani ya tundu, katikati ya unene wa ngozi, pale nyuzi mbili zinapokumbatiana. Pale hapaguswi na jiwe, wala mchanga, wala jua, maana pamefunikwa na ngozi pande zote.

Kwa hiyo sharti kubwa katika kazi hii ni kuvuta sawasawa. Mkono wa kulia ukivuta kwa nguvu kuliko wa kushoto, uzi wa mbele hunyooka kama kamba iliyotandazwa juu ya ngozi, na uzi wa nyuma hupandishwa hata ukaonekana nje. Mkono wa kushoto ukizidi, mambo huwa kinyume chake. Mshono wa namna hiyo huonekana mzima siku ya kwanza, lakini makutano yake yako nje, nayo husuguliwa kila siku. Yakiisha kulika, ule uzi ulionyooka hauna kitu cha kuushika, na mtoto mdogo aweza kuuchomoa wote kwa vidole viwili. Basi hapana faida uzi mmoja kumshinda mwenzake. Zikivutana sawasawa, zote mbili hudumu.

Hata hivyo upo mshono mwingine unaoupita huu kwa nguvu, nao ni mshono wa sindano mbili, utumiwao na mafundi wa matandiko. Fundi hutwaa uzi mmoja mrefu, akatia sindano katika kila ncha. Hutoboa tundu kwa msharasi, kisha hupitisha sindano zote mbili katika tundu hilo hilo, moja ikitoka kulia na moja ikitoka kushoto. Hivyo kila uzi huenda mbele na nyuma ya ngozi kwa zamu. Uzi ukikatika mahali pamoja, uzi wa pili huendelea kuishika ngozi. Mshono huu ni wa polepole, na wataka mazoezi mengi. Lakini kwa vitu ambavyo uhai wa mtu huvitegemea, kama mshipi wa tandiko, ndio bora. Msharasi wenye sindano ya tundu wafaa kwa matengenezo ya nyumbani na ya safarini.

7. Ncha kali na mtoto wa fundi

Chombo kinachotoboa ngozi ya ng'ombe hakiwezi kuogopa ngozi ya mtu. Kwa sababu hiyo kila mwenye kujifunza kazi hii hana budi kuijua habari ya Louis Braille.

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, si mbali na Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na karakana yake ilikuwa nyumbani. Mwaka 1812, Louis alipokuwa na umri wa miaka mitatu, alikuwa akicheza na vyombo vya baba yake, akijaribu kutoboa kipande cha ngozi kama alivyoona watu wazima wakifanya. Chombo chenye ncha kali, ambacho wengi husema kilikuwa msharasi, kiliteleza kikamchoma jicho. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuzuia kidonda kisioze. Ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, na kabla ya kutimiza miaka sita alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumficha nyumbani. Walimpeleka shule ya kijijini, na mwaka 1819, akiwa na umri wa miaka kumi, akaenda shule ya vijana wasioona huko Paris. Hapo alipata habari ya maandishi ya nukta yaliyobuniwa na Charles Barbier, yasomwayo kwa kupapasa. Lakini yalikuwa na nukta nyingi mno, kidole hakikuweza kuzitambua mara moja. Louis akayatengeneza upya, na mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano, alikuwa amepata njia ya nukta sita tu. Nukta hizo sita, zikipangwa kwa namna mbalimbali, hufanya alama 63, nazo zatosha kwa herufi, tarakimu, na hata nyimbo. Mwaka 1829 alitoa kitabu cha kueleza njia hiyo.

Na nukta hizo huandikwaje kwa mkono? Mwandishi hushika kijiti cha chuma chenye ncha na mpini mfupi, akaikandamiza karatasi nukta baada ya nukta. Chombo hicho kinafanana sana na msharasi mdogo. Basi kitu kilichofanana na kile kilichoyafumba macho ya mtoto ndicho kilichowafungulia wasioona mlango wa elimu. Leo maandishi ya Braille yatumika duniani kote, hata katika Afrika ya Mashariki. Huko Thika, katika Kenya, Jeshi la Wokovu lilianza kazi ya kuwafundisha wasioona mwaka 1946.

Lakini mtu asiseme, "Basi ajali ile ilikuwa njema." Louis alifanya mema kwa bidii yake, si kwa sababu ya ncha iliyomchoma. Watoto wengi huumia macho, wala jicho likiisha kupotea halirudi. Kwa hiyo fundi afuate sheria hizi. Asisukume ncha kuelekea kiganja chake, wala paja lake, wala uso wake. Asiweke kidole nyuma ya ngozi pale ncha itakapotokea. Asilazimishe ncha butu, maana ncha butu huhitaji nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndizo zinazofanya mkono uteleze, ainoe kwanza. Na akiisha kazi, aitie ncha katika kizibo, akauweke msharasi mahali mtoto mdogo asipofika.

8. Mkono ulioifundisha mashine

Watu wengi hudhani ya kuwa mashine za kushona zilibuniwa kwanza kwa ajili ya nguo. Lakini mwaka 1790 Mwingereza mmoja, jina lake Thomas Saint, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa mashine ya kushona ngozi. Katika mchoro wake, msharasi ulishuka kwanza ukatoboa tundu, kisha sindano ikausukuma uzi ndani yake, kama afanyavyo mshona viatu. Michoro ile iliwekwa pamoja na habari za utengenezaji wa viatu, ikasahauliwa, hata ikaonekana tena katika miaka ya 1870.

Mwaka 1846 Elias Howe wa Marekani alipata hati ya mashine yenye sindano ambayo tundu lake liko karibu na ncha, na uzi wa pili uliopita katika kitanzi cha ule wa kwanza. Mwanafunzi aliyefuata maneno ya juu atatambua mara moja kwamba hatua hiyo ni ile ile ya msharasi wenye sindano ya tundu. Tofauti ni kwamba katika mashine kipo chombo kinachokwenda mbio kuupitisha uzi wa pili, na katika msharasi kazi hiyo hufanywa na mkono wa kushoto.

Leo viwanda hushona viatu na mikoba kwa wingi na kwa upesi. Hata hivyo msharasi haukutupwa. Mashine haiwezi kwenda shambani kwa mkulima ambaye ukanda wake umekatika, wala haiingii kwa urahisi katika ncha ya kiatu kilichokwisha kutengenezwa. Msharasi huenda po pote mfuko uendapo.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Hatua moja ya mshono ikikatika leo, kazi ni ya dakika chache. Ikiachwa, huvuta ya pili, na ya tatu, hata mkoba ukafunguka na vitabu vikaanguka matopeni. Basi mwenye kitu cha ngozi akitazame kila juma, akipanguse vumbi, akipake mafuta kidogo kisikauke na kupasuka, na akiona uzi umelegea aushone siku ile ile, kwa matundu yaliyo sawa na mikono inayovuta sawa.

Maswali

1. Kwa nini sindano hupita katika nguo kwa urahisi, lakini haipiti katika ngozi?
2. Taja namna tatu za msharasi, na ueleze kazi ya kila namna.
3. Nta ya nyuki ina faida gani tatu katika uzi?
4. Kwa nini ngozi yenye matundu yaliyokaribiana mno huchanika? Toa mfano uliotajwa.
5. Kitanzi hupatikanaje nyuma ya ngozi?
6. Eleza hasara ya kuvuta uzi mmoja kwa nguvu kuliko mwenzake.
7. Louis Braille alipotezaje macho yake, na aliwasaidiaje watu wasioona?
8. Tafuta kitu cha ngozi nyumbani kwenu. Hesabu hatua za mshono wake katika inchi moja, na uangalie kama ziko sawasawa.